Ramani ya Akilini

Edward Tolman, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha California, aliipa taaluma yake istilahi hii kwa Kiingereza, "cognitive map", mwaka 1948. Yeye na wenzake walikuwa wamewazoeza panya kukifikia chakula kwa njia ya mzunguko. Siku ya jaribio wakaiziba njia ile, wakafungua nyingine nyingi zilizotawanyika kama miale ya jua. Panya wachache walijaribu zilizopakana na ya zamani. Kundi kubwa zaidi lilishika njia iliyoelekea upande wa chakula moja kwa moja, njia ambayo halikuwahi kuipita. Aliyekariri tu "kata kulia, kata kushoto" asingeweza hayo; ilibidi ajue mpangilio wa mahali pote.

Twaweza kuiita "ramani ya utambuzi", lakini utambuzi kwetu umeshazoeleka kwa kumtambua mtu au mwizi kwenye gwaride la polisi. Nachagua ramani ya akilini: inaeleweka papo hapo, na ile -ni inasema ramani yenyewe iko wapi.

Ila neno ramani lisitufanye tudhani kuna mchoro kichwani. Mwaka 1971, jijini London, John O'Keefe na Jonathan Dostrovsky walieleza seli za hipokampasi, sehemu iliyo ndani ya ubongo kila upande, ambazo hutoa mapigo ya umeme panya afikapo mahali fulani tu. Hizo ni seli za mahali. Mwaka 2005 timu ya May-Britt na Edvard Moser huko Trondheim, Norway, ikatangaza seli za gridi: kila moja huamka kwenye vituo vingi vilivyopangika kwa pembetatu sawasawa, kana kwamba sakafu imepimwa. O'Keefe na hao wawili walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2014.

Kujua ulipo bado si kujua uendako. Kwangu hapo ndipo penye uhondo. Mwaka 2017 watafiti wa Israeli walionyesha kwamba katika hipokampasi ya popo mla matunda zipo seli zinazofuata mwelekeo wa lengo na umbali wake, hata lengo likifichwa nyuma ya pazia. Tuziite seli za lengo.

Ramani hii yaweza kuharibika: ugonjwa wa Alzheimer huanza kuharibu hipokampasi na eneo jirani lenye seli za gridi mapema sana. Basi mzee akianza kupotea njia aliyoizoea miaka yote, tusiseme ni uzee tu. Tumpeleke hospitali akapimwe.