Umepata Visa na Uko na Mbwa Wanne Kitengela? Hii Ndio Rada ya Kuhama Nao Majuu

Visa imetoka, mathe amelia kidogo, na mbogi ya mtaa imeanza kuuliza kama kochi unauza ama unapeana. Lakini huko nyuma ya keja yako Kitengela kuna mbwa wanne wanakungoja na chakula ya jioni. Wasee wengi hukumbuka mbwa wiki ya mwisho, na hapo ndio mambo huchacha. Mbwa kutoka Kenya anaweza kuhitaji miezi minne ya matayarisho kabla aruhusiwe kukanyaga Ulaya. Kwa hivyo soma hii kabla hujalipia ndege.

Mbona Kenya inawekewa ngumu?

Jibu ni moja: kichaa cha mbwa. Ugonjwa huu uliripotiwa Kenya mara ya kwanza 1912, kwa mbwa viungani mwa Nairobi, na tangu hapo haujaisha. Serikali iko na mpango wa kuumaliza kwa binadamu kufikia 2030. Ukianza kuonyesha dalili, karibu kila mtu hufa, na Shirika la Afya Duniani linasema mbwa ndio huambukiza mpaka asilimia 99 ya binadamu wanaoupata.

Ndio maana Marekani imeweka Kenya kwa orodha ya nchi za hatari kubwa, na Umoja wa Ulaya na Uingereza haziko nasi kwa orodha ya nchi zenye njia rahisi. Hawakuchukii wewe. Wanaogopa hicho kirusi.

Anza na chipu, halafu chanjo

Shika hii hata kama utasahau zingine zote: chipu inaingia kwanza, chanjo inafuata. Chipu ni kitu kidogo kama punje ya mchele, daktari wa mifugo anaidunga chini ya ngozi ya shingo. Iko na namba ya tarakimu 15, na hiyo namba ndio ID ya mbwa wako kwa kila karatasi. Itisha chipu ya kiwango cha ISO ndio skana za majuu ziisome.

Mbwa akichanjwa kabla ya chipu, hiyo chanjo haihesabiki. Unarudia. Hapa ndio watu hunaswa sana, juu mbwa wengi wa ploti za Kitengela na Kajiado wamechanjwa kwa zile kampeni za bure. Hizo kampeni ni poa sana kwa afya, na usiache kupeleka mbwa. Lakini kama cheti hakina namba ya chipu, kwa uwanja wa ndege ni karatasi tu.

Mbwa awe amefikisha wiki 12 ndio achanjwe. Na daktari awe amesajiliwa na Kenya Veterinary Board. Usione haya kumuuliza namba yake ya usajili, si madharau.

Kipimo cha damu

Baada ya chanjo unangoja angalau siku 30, halafu damu inatolewa na kutumwa kwa maabara iliyoidhinishwa. Kuna moja Onderstepoort, Afrika Kusini, na nyingine Kansas, Marekani. Wanaangalia kama kinga imefika 0.5 IU kwa mililita. Ikiwa chini ya hapo, unachanja tena na kuanza kuhesabu upya.

Tuseme mbwa amepata chipu na chanjo tarehe 1 Februari. Damu inatolewa kuanzia 3 Machi. Hesabu inaenda hivi:

- Ulaya na Uingereza: miezi mitatu kutoka siku damu ilitolewa. Hiyo ni 3 Juni, si kabla.
- Marekani: siku 28 kutoka siku damu ilitolewa. Hiyo ni 31 Machi, kama majibu yamerudi.

Wewe unaweza kuwa umeitwa kazini Aprili. Mbwa wa Ulaya bado wako Kitengela. Kwa hivyo siku unapotuma maombi ya visa, siku hiyo hiyo peleka mbwa wawekwe chipu. Visa ikikataliwa, umepoteza nini? Mbwa wako amechanjwa na ako na chipu.

Kitu kingine: usiache chanjo ipitwe na tarehe. Ukichelewa kuirudia, kipimo chote kinaanza upya.

Kila nchi na sheria zake

*Umoja wa Ulaya.* Mtu mmoja anaruhusiwa wanyama watano bila kuitwa mfanyabiashara. Kwa hivyo wanne wako ndani. Lakini wewe na mbwa msipishane kwa zaidi ya siku tano. Ukitangulia na kuwaacha miezi miwili, wakija wanafuata sheria za biashara, ambazo ni ngumu zaidi. Cheti cha afya kinatolewa ndani ya siku 10 kabla ya kufika.

*Uingereza.* Karibu sawa na Ulaya, lakini mbwa akija na ndege kwa kawaida anaingia kama kargo, si kama begi lako. Pia anapewa dawa ya minyoo kati ya saa 24 na saa 120 kabla ya kufika.

*Marekani.* Sheria mpya zilianza 1 Agosti 2024. Mbwa awe na miezi 6 au zaidi, na kwa mbwa aliyechanjwa Kenya unahitaji fomu iliyothibitishwa na daktari wa serikali na nafasi iliyolipiwa kwa kituo cha wanyama. Vituo hivyo viko kwa viwanja sita tu: New York JFK, Washington Dulles, Atlanta, Miami, Philadelphia na Los Angeles. Hata kama unaenda Minnesota, mbwa anaingilia hapo. Bila kipimo cha damu, anafungiwa siku 28 kwa gharama yako. Sasa zidisha mara nne.

*Kanada.* Mbwa wako wa nyumbani anaweza kuingia, lakini tangu 28 Septemba 2022 mbwa wa biashara kutoka nchi kama Kenya hawaruhusiwi. Mbwa wa kuuza ama wa kupeanwa kwa mtu mwingine huko anahesabiwa hapo. Usidanganye eti ni wako kumbe umebebea msee.

Angalia aina ya mbwa

Kitengela inapenda mbwa wakubwa wa kulinda boma. Boerboel wako anaweza kuwa mpole kama mtoto, lakini Denmark imempiga marufuku. Ujerumani haitaki Pitbull iingizwe. Uingereza na Wales, XL Bully amefungiwa tangu mwisho wa 2023. Kama hujui damu ya mbwa wako, piga picha, uliza ubalozi na kampuni ya ndege mapema, na upate jibu kwa maandishi.

Karatasi ya mwisho iko Kabete

Cheti cha daktari wa mtaani peke yake hakitoshi. Cheti cha kutoka nchini kinatolewa na Directorate of Veterinary Services, makao yake yakiwa Kabete. Beba cheti cha chanjo, namba ya chipu, majibu ya damu na ratiba ya ndege. Kila mbwa na faili yake. Namba moja ya chipu ikiandikwa vibaya, huyo mbwa anabaki.

Kreti na doh

Kila mbwa mkubwa na kreti yake. Asimame bila kugusa paa, ageuke, alale amejinyoosha. Unaweza kutengenezewa na fundi, lakini kampuni ya ndege ikubali vipimo kwanza kabla hujalipa mbao.

Kargo hawapimi kilo peke yake, wanapima nafasi. Unazidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, halafu unagawanya kwa 6,000. Kreti ya 100 kwa 67 kwa 75 inakuwa karibu kilo 84, hata kama mbwa ana kilo 30. Mbwa wanne kwa kreti kama hizo ni kama kilo 335 za kulipia. Piga hiyo hesabu kabla hujaahidi watoto kwamba Simba na wenzake wanaenda.

Mbwa wengi wa ploti hufungwa mchana na kufunguliwa usiku, na hawajawahi kupanda gari. Weka kreti wazi nyumbani wiki kadhaa, walie chakula humo. Wapeleke Isinya na kurudi, wazoee mwendo. Siku ya safari usiwape dawa ya usingizi, kampuni nyingi za ndege hazibebi mbwa aliyelewa dawa. Na toka mapema, juu Namanga Road na Mombasa Road hazijui uko na ndege.

Kama wote hawataenda

Ukweli ni kwamba wengi hawatamudu wanne. Mbwa mzee ama mgonjwa hata safari yenyewe inaweza kumuua. Kuchagua nani anaenda kunauma, lakini kuna njia mbaya zaidi: kufungua geti na kuondoka.

Kitengela imepakana na Nairobi National Park, na majirani wengi wanafuga mbuzi na kondoo. Mbwa wenye njaa wakiungana kundi, wanaingia kwa zizi za watu, na wao wenyewe wanaishia kwa mshale ama sumu. Wakiumwa na mnyama mwenye kichaa, wanakirudisha mtaani, penye watoto wanatembea kwenda shule.

Tafuta mtu anayemjua huyo mbwa tayari. Andikianeni nani analisha, nani analipa chanjo ya kila mwaka, na utatuma ngapi. Mfunge uzazi kabla ya kumpeana. Ukikosa mtu, ongea na KSPCA kule Karen miezi kabla, si siku ya kusafiri, juu nafasi yao si ya kila mtu. Keateka wa ploti si mpango, labda mmeelewana na pesa iko. Akipata kazi kwingine, mbwa wako wanabaki na geti.