Upinde wa Roda: Asili Yake na Namna ya Kuulinganisha

Upinde ni miongoni mwa zana kongwe za binadamu, na Kiswahili kina msamiati wake: upote, mshale, chembe, podo. Lakini mwanafunzi akituuliza jina la ule upinde wa kisasa wenye magurudumu nchani, wengi wetu hunyamaza. Hapana budi tuijue kwanza historia yake, ndipo tuutafutie jina.

Aliyeubuni ni Holless Wilbur Allen, mwindaji wa jimbo la Missouri nchini Marekani, aliyetaka mshale uendao kasi zaidi. Alikata ncha za upinde wa kawaida, akafunga roda kila upande. Mwaka 1966 aliomba hataza, akapewa Desemba 1969. Si wote waliofurahi: watetezi wa desturi walidai kuwa hiyo ni mashine, si upinde. Hata hivyo, mwaka 1995 uliingizwa katika mashindano ya dunia mjini Jakarta, na umepangiwa nafasi katika Olimpiki ya Los Angeles ya mwaka 2028.

Siri yake ni kwamba mhimili wa roda haupiti katikati, bali pembeni. Mvutaji huona uzito mwanzoni, kisha roda zikigeuka uzito hupungua. Upinde wa ratili 60 unaopunguza asilimia 75 humwachia ratili 15 tu, naye hupata nafasi ya kulenga kwa utulivu.

Lakini wepesi huo una gharama yake. Upinde huu hauna budi kulinganishwa na mwenyewe. Kwanza hupimwa urefu wa mvuto: upana wa mikono iliyonyooshwa, kwa inchi, hugawanywa kwa 2.5, mwenye inchi 70 huanzia 28. Pili, roda zote mbili sharti zifike mwisho wa mzunguko pamoja. Mojawapo ikitangulia, mshale hutoka ukiyumba. Tatu, hujaribiwa kwa karatasi iliyotandazwa karibu na mpigaji. Mkia ukichana juu ya tundu la chembe, mara nyingi ni dalili kwamba mahali pa kupachikia mshale kwenye upote pako juu mno. Basi hushushwa kidogo kidogo. Wala upote usiachiliwe pasipo mshale, maana nguvu ikikosa pa kwenda huvunja upinde wenyewe.

Sasa jina. Wapo wasemao "upinde wa makapi", kwa kuwa kapi ni roda. Neno ni sahihi, ila mwanafunzi asikiapo makapi hukumbuka pumba za nafaka. Sisi twapendekeza "upinde wa roda", neno ambalo mabaharia wetu wamelizoea katika kupandisha tanga. Mwalimu anyamazapo, mwanafunzi hudhani lugha yake ni maskini. Kumbe neno lilikuwapo siku zote, likingoja kutumiwa.