Makaratasi ya Boma

 Natumaini darasa limekwisha kukusanyika, na kila mmoja ana ukurasa huu mbele yake ili afuate maneno ninayosema.

Siku moja nilinunua karanga sokoni. Muuzaji alizifunga kwa kipande cha karatasi. Nilipokwisha kuzila nikaisoma karatasi ile. Ilikuwa orodha ya walipa kodi wa zamani: jina la mtu, jina la kijiji, na kando yake alama ya dole gumba. Bila shaka karani fulani aliona kabati lake limejaa, akauza karatasi kwa uzito. Nilisikitika sana, maana huenda mjukuu wa mmoja wao atataka kujua babu yake aliishi wapi, naye hatapata.

Karatasi za ofisi zilizokwisha kutumika, lakini zinastahili kutunzwa, huitwa nyaraka. Si zote zinazotunzwa. Wataalamu huzichambua, zisizo na maana huharibiwa, na zinazobaki hutiwa katika maboksi na kupewa namba. Nchi yetu ina Nyaraka za Taifa huko Dar es Salaam, na sheria yake ya kwanza ilitungwa mwaka 1965. Mwanza pia pana kituo kwa ajili ya Kanda ya Ziwa.

Humo mna nini? Wakati wa Waingereza palikuwa na Vitabu vya Wilaya. Bwana Shauri aliandika habari za watemi, mipaka, kodi na mila. Akihamishwa, aliyemfuata aliendelea pale alipoachia mwenzake. Mna pia majalada. Kwa mfano, katika miaka ya 1920 na baadaye watu wengi wa Shinyanga walifyeka vichaka ili kufukuza mbung'o, kazi iliyosimamiwa na Bwana Swynnerton. Mwaka 1986 serikali ilianzisha HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga, ili miti na ngitili zirudi. Ukisoma habari za kwanza ndipo unapoielewa hii ya pili.

Sasa tuje Geita. Watu wengi wakisikia Geita hufikiri dhahabu tu. Mwaka 1958 serikali iliweka huko baraza la wilaya la watu wa rangi zote, yaani Waafrika, Wazungu na Waasia. Wananchi walilikataa. Waliona kwamba wageni wachache wanapewa viti vya kutawala mambo ya wenyeji wengi. Maelfu wakafunga safari mpaka Mwanza kumwona mkuu wa Jimbo la Ziwa, wakakaa huko wakingoja jibu. Polisi wakawatawanya kwa moshi wa kutoa machozi. Lakini mpango wa mabaraza yale haukudumu, serikali iliuacha.

Fikirini: ni nani aliyeandika habari hizo wakati ule? Ni maofisa. Katika taarifa zao watu hawa ni kundi la wakorofi. Mama aliyetembea na mtoto mgongoni hakuandika neno, kwa kuwa hakufundishwa kuandika. Mmarekani mmoja, Andrew Maguire, aliyetoa kitabu juu ya siasa za Usukumani mwaka 1969, hakutosheka na majalada. Aliwaendea pia wale walioshiriki, akawauliza. Alifanya vyema, nasi twaweza kufanya hivyo, ingawa wazee wale sasa ni wachache mno.

Je, mtu wa kawaida aruhusiwa kusoma nyaraka? Ndiyo. Kwa sheria ya mwaka 2002, nyaraka nyingi hufunguliwa zikitimiza miaka 30. Utajaza fomu, utataja jalada unalolitaka, nawe utaandika kwa kalamu ya risasi, kwa sababu wino ukimwagika haufutiki. Usione haya kumwomba mtunzaji akusaidie. Wengi wao hufurahi kupata mgeni.

Kazi ya juma hili ni hii. Tafuteni nyumbani karatasi iliyo kuukuu kuliko zote: risiti ya pamba ya chama cha ushirika, cheti cha ubatizo, kadi ya TANU, au barua. Msiikunje tena. Iandikeni katika daftari, neno kwa neno, pamoja na tarehe. Kisha mwulizeni mzee aliyeipokea, au mwanawe, ilikujaje; nayo majibu yaandikeni chini yake. Mje nazo Jumanne.

Kwaherini.