Damu ya Baba na ya Mama

Toka milima ya Masisi hadi msitu wa Walikale, na pale Mpofi zinapokutana, mtoto akipatwa na ugonjwa wa selimundu, ule tunaouita SS, mara nyingi lawama humwangukia mama. Husemwa kwamba ameleta laana ya ukoo wake. Historia yatoa ushahidi mwingine.

Mwaka 1865, mjini Brno, mtawa wa Shirika la Mtakatifu Augustino, Gregor Mendel, alieleza matokeo ya miaka mingi ya kuzalisha njegere bustanini mwa monasteri. Aliona kwamba kila sifa hurithiwa kwa sehemu mbili, moja ya kila mzazi, na kwamba moja yaweza kufichika kizazi kizima kisha ikatokea tena. Wachache walimjali. Alifariki mwaka 1884, na kazi yake ikagunduliwa upya mwaka 1900.

Mwaka 1949 James Neel, huko Marekani, alionyesha kwamba selimundu hufuata kanuni hiyo. Aliyerithi jeni ya S kwa mzazi mmoja, yaani AS, kwa kawaida ni mzima. Aliyeirithi kwa wote wawili ni mgonjwa.

Lakini jeni inayoua watoto mbona haikwisha zamani? Swali hilo lilimshughulisha Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya. Alipima damu za watu wa Afrika Mashariki, akakuta AS ni wengi pwani na kando ya Ziwa Victoria, wachache nyanda za juu. Huko Bwamba, chini ya Ruwenzori, ng'ambo tu ya mpaka wetu, walikaribia 4 kati ya 10. Mwaka 1954 alichapisha jibu: malaria. Mtoto AS hukingwa kwa kiasi kikubwa na malaria kali. Basi aliishi, akazaa, akarithisha. Huo ndio uteuzi wa asili alioueleza Darwin. (Anayehofia neno hilo akumbuke kwamba mwaka 1996 Papa Yohane Paulo II aliiambia Akademia ya Kipapa ya Sayansi kuwa mageuzi ya viumbe ni zaidi ya dhana tu.) Kumbe kinachoitwa laana kilikuwa ngao ya mababu.

Wachumba wawili wakiwa AS, kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya kuleta mtoto SS, na hesabu huanza upya kila mara. Ila pasipo S ya baba, S ya mama peke yake haizai mtoto SS.