GTA Iliyopata 93 na Kukosa Wanunuzi: Jinsi Chinatown Wars Ilivyofika Nakuru Kupitia Mlango wa Nyuma

Uliza msee yeyote wa Nakuru aliyekulia kwenye benchi la gemu: GTA kali kuliko zote ni gani? Utajibiwa San Andreas kabla hujamaliza swali. Wawili watatu watabisha na kusema Vice City. Halafu kuna mmoja pale kwenye kona, kawaida ndiye mpole wa kundi, atasema Chinatown Wars, na wote watamcheka. Mimi niko na huyo wa kona. Lakini leo sitaki tu kuitetea gemu. Nataka kusimulia historia ya jinsi ilivyopokewa, kwa sababu kila mahali inaposimuliwa huwa inaishia Marekani na Uingereza mwaka 2009, na sehemu yetu haimo.

Tuanze na hiyo inayojulikana.

Grand Theft Auto: Chinatown Wars ilitoka Machi 2009 kwa Nintendo DS. Waliounda ni Rockstar Leeds ya Uingereza wakishirikiana na Rockstar North ya Edinburgh, walewale wa GTA IV. Kama hujawahi kushika DS, ni kimashine kinachofunguka kama kitabu, kina skrini mbili, na ile ya chini unaiguza kwa kijiti. Stori ni ya Huang Lee, kijana anayefika Liberty City kumpelekea ami yake Kenny upanga wa familia baada ya babake kuuawa. Anavamiwa akitoka tu uwanja wa ndege, upanga unachukuliwa, na mambo yanaanzia hapo. Mji ni ule wa GTA IV, wametoa Alderney tu. Lakini unauangalia kutoka juu, kama ndege, vile GTA za kwanza za miaka ya tisini zilivyokuwa.

Wahakiki waliipenda kupita kiasi. Metacritic, ambayo hukusanya alama za wahakiki na kutafuta wastani, ina 93 kati ya 100 kwa toleo la DS. Hakuna gemu ya DS iliyo juu yake hapo. Na kumbuka hii ni spin-off, kale katoto ka pembeni ka familia kubwa. GTA za pembeni zilikuwa na historia ya kupokewa kwa mabega. GTA: London 1969, iliyotoka 1999, watu waliichukulia kama kiraka juu ya gemu ya kwanza (na ni London ya Uingereza, si hii yetu ya hapa Nakuru, ingawa ningelipa pesa kuona hii yetu ndani ya gemu). Liberty City Stories ya 2005 na Vice City Stories ya 2006, zote za PSP, zilisifiwa, lakini sifa zenyewe zilikuwa na ule mshangao wa "kumbe inawezekana kwenye mashine ndogo." Chinatown Wars haikusifiwa kwa kuweza kuiga ndugu zake wakubwa. Ilisifiwa kwa kukataa kuwaiga. Ukiiba gari lililoegeshwa, unachokonoa swichi kwa bisibisi au unasokota nyaya mwenyewe kwa kijiti. Ukitaka teksi, unapiga kelele kwenye maikrofoni ya DS. Polisi wakikufukuza, huzunguki tu kujificha: unawagongesha magari yao moja baada ya lingine na nyota zinapungua. Misheni ni fupi, za dakika chache, kwa sababu aliyeiunda alijua unaicheza ukiwa safarini.

Halafu ikafika dukani, na watu wakapita.

GTA IV ilikuwa imeuza zaidi ya kopi milioni 6 wiki yake ya kwanza mwaka 2008. Chinatown Wars, kwa yale majuma mawili ya Machi 2009, Marekani yote, haikufika kopi 90,000. Maelezo yaliyotolewa wakati huo ndiyo yanayorudiwa hadi leo: DS ni mashine ya watoto na ya familia, gemu ni ya watu wazima, wanunuzi hawakukutana na bidhaa. Oktoba 2009 wakaitoa kwa PSP, Januari 2010 kwa iPhone. Hapo wanahistoria wa gemu hufunga kitabu: ilisifiwa, haikuuza, basi.

Maelezo hayo yana ukweli lakini hayanitoshi. Na sababu ya kutonitosha naipata hapa kwetu.

Mwaka 2009 hapa Nakuru DS ilikuwa kitu cha kusikia. Labda mtu ana binamu aliyerudi kutoka majuu nayo. Nyaya za intaneti za chini ya bahari, SEACOM na TEAMS, zilikuwa ndiyo tu zinafika Mombasa mwaka huohuo, kwa hivyo ukienda saiba kushusha faili kubwa ulikuwa unajitesa. Mfalme alikuwa PS2. Kuanzia Bondeni hadi Shabab hadi Free Area ulikuwa unapata chumba kimoja, pazia mlangoni, televisheni mbili tatu za kichogo, FIFA au Pro Evolution kwenye moja na San Andreas kwenye nyingine, na mwenye nyumba akishika saa kama refa.

Na pale ndipo uhakiki wetu ulikuwa unafanyika. Sitanii. Mmoja anacheza, sita wako kwenye benchi, na hao sita ndio wenye maneno. Wanajua kila msimbo wa San Andreas kwa kichwa, wanajua ndege iko wapi, wanakuambia "geuka kushoto, wewe, karao anakuja." Gemu ya benchi lazima iwe tamu kwa anayeangalia, si kwa anayecheza pekee. San Andreas ilikuwa sinema: sauti, muziki, CJ na baiskeli yake, mji unaoonekana kutoka mbali. Sasa chukua Chinatown Wars uiweke kwenye televisheni hiyo. Stori inaletwa kwa picha za katuni zilizoganda, chini yake maandishi, hakuna mtu anayeongea. Asome nani? Magari yanaonekana kama visanduku vya kiberiti. Benchi lingeondoka baada ya dakika tano, na mwenye nyumba angerudisha FIFA.

Kwa hivyo ukiniuliza kwa nini haikuuza, sidhani ni kwa sababu DS ilikuwa ya watoto pekee. Tangu GTA III mwaka 2001, jina GTA lilikuwa limemaanisha kitu cha kuonyesha watu. Chinatown Wars ilikuwa GTA ya mtu mmoja, kichwa chini, kimya. Wahakiki ni watu wanaocheza peke yao ofisini wakiandika, ndiyo maana waliielewa mara moja.

Hapa kwetu ilibidi kwanza kila mtu awe na skrini yake. Hiyo ilikuja na simu. Serikali ilikuwa imeondoa ushuru wa VAT kwa simu katika bajeti ya 2009, kisha Huawei IDEOS ikaingia sokoni kwa kama shilingi 8,000, halafu Tecno na Itel zikajaa kwenye maduka ya Kenyatta Avenue. Novemba 2012 mtu anayeitwa Henrik Rydgård akatoa PPSSPP, programu inayofanya simu ijifanye PSP. Ni ya bure. Baada ya miaka kadhaa hakukuwa na darasa la sekondari, kuanzia Molo hadi Naivasha, ambalo halikuwa na kijana mmoja mwenye PPSSPP na memori kadi iliyojaa mafaili ya gemu. Xender haikuhitaji bando. Mnakaa karibu, mnasubiri, inafika.

Faili la Vice City Stories lilikuwa zito, na simu ya RAM ndogo ilikuwa inalitapika. Chinatown Wars lilikuwa jepesi. Hivyo tu ndivyo gemu iliyopewa 93 ilivyoingia kwenye mifuko yetu: si kwa sababu ya 93, ambayo hakuna aliyekuwa ameisikia, bali kwa sababu ilitoshea.

Mapokezi ya kwanza yalikuwa matusi. "Hii ni gemu ya kabambe." Nimeisikia hiyo sentensi mara nyingi hadi nadhani ndiyo tathmini rasmi ya Rift Valley. Ukiona mji kutoka juu, ulikuwa unafikiria gemu za Java za zile simu za vibonye. Wengi walifuta siku hiyohiyo kupata nafasi ya nyimbo.

Na kuna kichekesho hapa ambacho hakuna historia ya gemu imekiandika. Chinatown Wars iliundwa kwa skrini ya kuguza. Ilipohamishiwa PSP, ambayo skrini yake haiguziki, sehemu hizo zikabadilishwa ziwe za kubonyeza vitufe, na wahakiki wakaona imepoteza kitu: PSP ina 86 Metacritic, chini ya DS. Sasa sisi tukachukua toleo hilo la vitufe, tukaliweka kwenye simu ya skrini ya kuguza, na kuguza vitufe vilivyochorwa juu ya kioo. Yaani nyaya za gari ambazo Leeds walitaka uzisokote kwa kidole, kidole unacho, kioo unacho, lakini bado unabonyeza pembetatu. Toleo halali la Android lilitoka Desemba 2014 likiwa na miguso yake yote, ila Play Store wakati huo ilitaka kadi ya benki, na mwanafunzi wa kidato cha pili kadi aliyokuwa nayo ni ya maktaba.

Waliobaki nayo, walibaki kwa sababu ya biashara.

Ndani ya gemu kuna soko la mihadarati, aina sita. Misheni za stori hazilipi vizuri, kwa hivyo ukitaka pesa unanunua mahali bei iko chini na kuuza mahali iko juu. Huang anapokea baruapepe za kumtonya kwamba mzigo fulani umeshuka mtaa fulani. Ukichelewa, bei imebadilika. Ukikamatwa na mzigo, umeupoteza. Hii ndiyo sehemu iliyozua kelele Ulaya na Marekani kwa sababu ya watoto wa Nintendo, na ndiyo sehemu ambayo wahakiki wengi waliisifu kuliko zote. Hapa kwetu ilieleweka bila maelezo. Mtu aliyelelewa na mama anayepigiwa simu kutoka Molo saa kumi na moja alfajiri kwamba waru imeshuka, anayetafuta gari haraka ili afike Soko la Wakulima kabla wengine hawajajaza, anaijua hiyo gemu kabla hajaishika. Nilikuwa na rafiki aliyeandika bei zake nyuma ya daftari la Biashara, mistari imenyooka, faida na hasara. Mwalimu angemsifu kama asingesoma majina ya bidhaa.

Je, bidhaa zenyewe si tatizo? Ni tatizo, na sijifanyi silioni. Gemu inakulipa kwa sumu na haikuonyeshi hata mmoja wa wanaoinunua akiharibika. Mtaani tunawaona. Huo ndio upungufu wake mkubwa, na naona wahakiki wa 2009 waliupita haraka wakisifia jinsi hesabu zinavyonasa. Mtu anayeishi mbali na base ya wauzaji anaweza kusema "ni hesabu tu." Kama tathmini ingeandikwa Kaptembwo mwaka huo, nadhani aya moja ingehusu hilo.

Lakini haikuandikwa. Na hapa ndipo inaniuma. Metacritic ina DS, ina PSP, kila alama na tarehe yake. Hesabu za mauzo zipo. Sisi hatumo popote. Hatukununua, kwa hivyo hatukuhesabiwa kama wanunuzi. Hatukuandika, kwa hivyo hatukuhesabiwa kama wahakiki. Kwa kampuni yenye kuamua nini kitengenezwe, wachezaji wote wa Bonde la Ufa walikuwa sifuri. Rockstar haijawahi tena kuunda GTA mahususi kwa mashine ya mkononi. Waliangalia zile hesabu, na kwa hesabu zile sikulaumu mtu. Ila kuna gemu iliyoshindwa kupata wachezaji wake kwenye DS, na wachezaji wenyewe walikuwa kwenye matatu ya Njoro, kilomita kama 20, misheni mbili kwenda na mbili kurudi, bila njia yoyote ya kusema kwamba wapo.

Base nyingi za PS2 zimefungwa au zimekuwa za PS4, za Xender zimefutika na simu zilizovunjika. Ushahidi unaisha haraka. Kwa hivyo nimeanza kukusanya, na sitaki alama kati ya kumi. Kama uliwahi kucheza Chinatown Wars popote kati ya Gilgil na Molo, nitumie vitu vitatu: mwaka, simu uliyokuwa nayo, na ulipata faili kutoka kwa nani. Jina usiandike, sema tu "deski ya nyuma" au "kinyozi." Hadi sasa nina majibu 11, na manne kati yake ni ya kinyozi.