Makaa ya Mbinguni

Ukisimama nje usiku wa Novemba huko Namboboto, katika nchi ya Wasamia, wakati ambapo hakuna mbalamwezi wala mawingu ya mvua, geuza uso wako kusini, upande wa Ziwa Victoria. Mnamo saa tatu utaona, si juu sana ya upeo wa macho, doa jeupe hafifu mfano wa moshi wa jikoni. Hilo ndilo Wingu Dogo la Magellan. Mtu wa London hawezi kuliona kwao maisha yake yote. Wewe umejaliwa, kwa kuwa kwenu ni karibu na ikweta.

Wingu hilo lina jina la Ferdinand Magellan, baharia Mreno aliyeanza safari yake kuu mwaka 1519. Lakini si wingu hata kidogo. Ni galaksi, yaani mkusanyiko wa mamilioni ya nyota, iliyo kibete kando ya galaksi yetu na isiyo na umbo maalumu. Nuru yake husafiri miaka ipatayo 200,000 kabla ya kufika Namboboto.

Humo zimo nyota nyekundu za ajabu. Katika miaka ya 1860 Padre Angelo Secchi, huko Roma, aliichambua nuru ya nyota kwa kioo cha pembetatu, akazitambua nyota za namna hiyo katika galaksi yetu, akazitenga katika kundi lao peke yao. Wekundu huo hutokana na kaboni, ile ile iliyomo katika makaa. Nyota izeekapo huipika kaboni tumboni mwake, kisha huipandisha juu. Huko juu oksijeni huikamata. Lakini kaboni ikizidi oksijeni, ile inayosalia huizuia nuru ya buluu isitoke.

Mwaka 1978 Victor Blanco, Betty Blanco na Martin McCarthy, waliotumia darubini ya Cerro Tololo nchini Chile, walitangaza kwamba katika Wingu Dogo nyota za kaboni huzishinda kwa wingi nyota kubwa nyekundu zenye oksijeni nyingi. Katikati ya galaksi yetu mambo ni kinyume. Kwa nini? Nyota za huko zilizaliwa na oksijeni haba, basi kaboni kidogo tu yatosha kuishinda.

Wala usidhani kwamba nchi yako haikuwa na sehemu katika elimu hii. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ilipotimiza miaka 7 ya uhuru, setilaiti ya Marekani ilirushwa kutoka jukwaa la Waitalia baharini, karibu na Malindi, ikaitwa Uhuru. Haikutafuta kaboni, bali eksirei. Nayo ilionyesha kwamba katika Wingu Dogo zipo nyota mbili zizungukanazo kwa muda usiotimia siku 4. Bahari ilikuwa yetu, na jina lilikuwa letu; chombo kilikuwa cha wengine. Je, iwe hivyo siku zote?

Basi, jioni mama awashapo jiko la makaa, kumbuka kwamba kaboni ile ilipikwa ndani ya nyota zilizokufa kabla ya jua letu kuzaliwa. Kisha toka nje, utazame kusini.