Chemchemi inapofoka

Anayesimama mbele ya Old Faithful, katika hifadhi ya Yellowstone, Marekani, akiite nini kile anachokiona? Wengi wetu huandika "chemchemi ya maji moto". Haitoshi. Chemchemi hububujika usiku na mchana, hii hunyamaza. Chini ardhini maji hupata joto la miamba, lakini uzito wa maji yaliyo juu yake huyazuia yasichemke. Kizuizi hicho kikilegea, maji hugeuka mvuke kwa ghafla na kurushwa angani, mita 30 hadi 55. Kisha kimya tena, kwa takriban saa moja na nusu. Aliyelala kwenye nyumba ya wageni ya karibu aweza kumaliza chai yake na bado akaiwahi.

Watu wa Iceland waliita chemchemi yao ya aina hii Geysir, kutokana na kitenzi chao cha kutoka kwa nguvu, na dunia ikalichukua jina hilo. Nasi kitenzi tunacho: kufoka. Maji hufoka, na mwenye hasira hufoka, akanyamaza, akafoka tena. Hakuna picha iliyo sahihi zaidi. Napendekeza mfoko, wingi mifoko. Si neno la kutumia ugenini tu, kwani mifoko ipo Loburu, kando ya Ziwa Bogoria nchini Kenya. Walimu wa jiografia, lijaribuni darasani.